Karani Aliyehesabu Kurasa

Nianze na ujinga wangu. Karani mwenyewe alizoea kusema kwamba jambo la aibu liwekwe ukurasa wa kwanza, msomaji asije akalikuta peke yake huko nyuma. Basi ni hivi: niliandika kiambatisho cha uongo cha mkataba wa Rais, nikakitia nyuma ya barua ya jirani yangu, na barua hiyo ikafika bungeni ikiwa na sahihi yake.

Kilikuwa na vifungu vinne. Cha kwanza kilisema Rais atawapelekea wale marafiki zetu wapya wa ng'ambo mbuzi wawili kila Krismasi, nao watarudisha mifupa. Cha pili kiliruhusu wanafunzi wa Kenya kulala kipindi cha hesabu. Cha tatu kilisema ugali ukiungua jikoni mwa Mkenya, kesi itasikizwa kwao ng'ambo. Cha nne kilimpa Rais ruhusa ya kutia sahihi jambo lolote lile mradi asiwaambie wenye nchi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule imefungwa, na nilijiona mkali sana.

Huyo jirani kila mtu kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga, pale mtaa wa Satellite, alimwita Karani. Jina lake lilikuwa kwenye mita ya stima, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa karani wa kamati bungeni miaka mingi kabla ya kustaafu, na kustaafu kwenyewe hakukumwingia vizuri. Alifunga tai kwenda kutupa takataka. Ukimpigia hodi alikuuliza, "Kuhusu nini?" kabla ya kufungua, kana kwamba kuna ajenda.

Kitu kilichomtambulisha kuliko tai ni kuhesabu kurasa. Alilowesha kidole gumba kwa ulimi na kuhesabu kila kitu chenye karatasi. Alihesabu kitabu cha nyimbo kanisani wakati sisi tuko ubeti wa tatu. Kila asubuhi alihesabu gazeti kabla ya kulilipia, na muuza magazeti pale stejini, kwenye kituo cha matatu, alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Mzee, hilo ni gazeti, si ng'ombe."

"Ng'ombe akikosa mguu utaona mwenyewe. Gazeti litakosa ukurasa na utalisoma ukicheka."

Mimi nilimjua rasmi kupitia ripoti yangu ya shule. Ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ilikuwa na Kiswahili, dini na tabia, na ndiyo niliyompelekea mama. Ya pili ilikuwa na hesabu na fizikia, na hiyo iliishi ndani ya kiatu. Mama, ambaye huuza nafaka sokoni Kangemi na hana muda wa makaratasi, aliridhika muhula baada ya muhula. Siku moja akaamua kumwonyesha Karani jinsi mwanawe anavyong'aa. Karani akaipokea kwa mikono miwili, akalowesha gumba, akasema, "Moja." Akaigeuza. Akaniangalia juu ya miwani.

"Hapa chini pameandikwa moja ya mbili. Mbili iko wapi?"

Nilimchukia wiki nzima. Mama hakunichapa, lakini alininunulia viatu vya wazi.

Kiswahili chake kilikuwa kile cha Spika akiwa amekasirika. Sisi tunasema kitu yangu na maisha yanaendelea. Yeye alisema kitu changu kwa namna ambayo ulihisi umekiiba. Nikimwambia, "Niaje Karani, uko poa?" alijibu, "Poa ni chai iliyosahauliwa. Mimi sijambo." Lakini hakunisahihisha kamwe. Alinisikiliza hadi mwisho, hata nikisema upuzi, kisha akasema, "Imesikika." Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hadi mwisho, kwa hiyo nilianza kwenda kwake kila siku, nikisema upuzi mrefu zaidi.

Sasa, mtu huyu alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitaka kila hati ya serikali iwe wazi, lakini kabati lake la jikoni lilikuwa na kufuli, na hadi leo sijui alikula nini. Aliwaheshimu waheshimiwa wote, akisimama televisheni ikimwonyesha Spika, halafu akiketi alisema kwa upole kabisa, "Huyo wa pili kushoto hajawahi kusoma kitu chochote kizidicho menyu."

Na hili la wageni. Mnajua kwamba kuna mataifa mawili makubwa yasiyosalimiana. Moja ni rafiki yetu wa zamani, lile la kutupa misaada na mawaidha. Jingine ni mpinzani wake, anayejenga barabara na hatoi mawaidha. Rais wetu alikwenda kwa huyu wa pili, akapigwa picha, akatia sahihi mkataba wa barabara ya mizigo na mabohari upande wa magharibi wa jiji, huku kwetu. Nchi ikagawanyika. Nusu ikasema ametuuza, nusu ikasema ametukomboa. Pale stejini vijana wa bodaboda walipomwona Karani akiuliza maswali kuhusu mkataba huo, walimvamia.

"Karani, hao wengine wamekulipa ngapi upinge hawa?"

"Sipingi mtu."

"Si unataka turudi kwa wale wa mawaidha?"

"Ninyi mnabishana kuhusu sura ya bwana harusi," akasema. "Mimi nauliza cheti cha ndoa kiko wapi."

Nikaona nimkamate mimi. Chupa yake ya chai, redio yake, tochi yake, hata kibanio cha tai, vyote vilikuwa vimetengenezwa na hao wajenzi wa barabara. "Karani," nikamwambia, "hata chai yako inalala ndani ya chupa yao."

Akaichukua ile chupa, akaifungua, akanionyesha ndani. "Hii niliiangalia ndani kabla sijainunua. Basi. Hata wangekuwa malaika, ningeangalia ndani."

Yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho mwalimu wa historia alikipita mbio. Kwamba Rais anaweza kutia sahihi ng'ambo hadi kalamu iishe wino, lakini mkataba hautufungi mpaka Bunge liusome na kuukubali. Hati huletwa nzima, huwekwa mezani, kamati huisoma, na mwananchi yeyote huitwa atoe maoni kwa barua au kwa mdomo.

"Mezani maana yake nini?" nikauliza. "Meza ya kweli?"

"Maana yake mimi na wewe tunaweza kuichukua tukahesabu."

Kwa nini kuhesabu? Hilo alinieleza mara moja tu, tukinywa chai isiyo na sukari. Zamani, akiwa karani bado, kamati yake ilipitisha mkataba wa bwawa moja la maji. Hati ilikuwa na viambatisho, na cha mwisho, chenye orodha ya mashamba yatakayochukuliwa, hakikufika. Mwenyekiti wa siku hizo akamwambia, andika kwamba hati zote zimepokelewa, hicho kitaletwa kesho. Akaandika. Kesho hiyo haikuja. Zilikuja tingatinga.

"Mama mmoja akafunga safari hadi ofisini kwangu," Karani akasema. "Alikuwa na kitambulisho ndani ya karatasi ya nailoni. Akaniuliza, wewe ndiye mwenye karatasi? Nionyeshe mahali nimeandikwa."

Alikuwa anazungusha kikombe.

"Nikampa chai," akasema. "Ndicho nilichokuwa nacho."

Mkataba wa barabara ulipowekwa mezani, alinituma saiba, lile duka la kompyuta, nikamtolee nakala kutoka kwenye mtandao. Akahesabu. Akahesabu tena. Mara ya tatu alinipa mimi nihesabu, na hapo nikajua ni jambo kubwa.

"Soma kifungu cha saba."

Nikasoma kwamba ardhi iliyoorodheshwa katika Kiambatisho C itakabidhiwa mjenzi.

"Viambatisho vilivyopo?"

"A," nikasema. "Na B."

"Na kingine?"

"Labda printa ya saiba imekula."

Tulikwenda mjini siku iliyofuata, kwenye ofisi inayotoa nakala halisi, tukapata kitu kilekile. A, B, halafu jalada la nyuma. Njiani kurudi alihesabu tena ndani ya matatu. Mimi nilikuwa na la kusema lakini nikalimeza. Wiki hiyo watu wenye vifaa vya miguu mitatu walikuwa wamepita sokoni Kangemi wakipima, wakaacha alama za rangi nyekundu kwenye zege la mtaro, hatua nne kutoka kibanda cha mama. Mama alisema ni watu wa maji. Alisema hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini.

Karani akaandika barua yake ya maoni kwa mkono, usiku na mchana kama mtu anayeandika wosia. Haikumtukana Rais wala wale wageni. Ilisema jambo moja: Bunge haliwezi kukubali kitu ambacho halijakiona, kwa hiyo Kiambatisho C kiletwe kwanza, wananchi watafute majina yao humo, kisha mengine yafuate. Akanipa niipige chapa. Mwisho wa kupokea ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Barua ilitoka kurasa nne. Muda ulikuwa umebaki, saiba ilikuwa tupu, na vidole vyangu vilikuwa vimepata moto. Nikasema, kama Kiambatisho C hakipo, si niwaandikie? Nikaandika. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye saiba akaniuliza kama nimekula. Nikakichapa kama ukurasa wa tano, nikakitia nyuma.

Naomba mniamini hapa, ingawa sidai. Kiliandikiwa mtu mmoja tu. Nilijua Karani atahesabu. Atafika nne, gumba litasimama, ataona tano, atasoma, atanitazama juu ya miwani na kusema, "Mpuuzi wewe." Kutoka kwake hiyo ilikuwa medali.

Alifika saa kumi na nusu, anapapasa ukuta. Alikuwa ametoka kliniki ya macho, wamemtia dawa ya kupanua mboni, na dunia nzima kwake ilikuwa ukungu.

"Umehesabu?" akauliza.

"Nimehesabu."

Hakuuliza ngapi. Mtu aliyehesabu kitabu cha nyimbo cha kanisa hakuuliza ngapi. Alisema, "Niwekee kidole pa kutia sahihi," nikamwekea, akaandika jina lake polepole juu ya ukucha wangu. Mwenye saiba akachukua rundo zima akalipitisha kwenye mashine, likaenda bungeni. Kabla ya saa kumi na moja nilikuwa bado na kama dakika ishirini za kufungua mdomo. Nilizitumia kuzuia kicheko. Nikajiambia, huko bungeni hakuna anayesoma vitu hivi, ni Karani tu anayeamini wanasoma.

Kumbe aliwajua. Walisoma.

Siku ya kusikizwa alinichukua pamoja naye, "ujifunze." Alivaa koti la kazini. Chumba kilikuwa ghorofani, katikati ya jiji, baridi ya mashine, kila mtu na kipaza sauti chenye taa nyekundu. Karani aliongea vizuri. Sijawahi kusikia mtu akisema jambo kwa maneno machache hivyo. Nikaona mbunge mmoja mama akiandika. Nikaona mwingine akifungua mkataba nyuma, akitafuta. Nilikuwa nimeanza kuvimba kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Ndipo mheshimiwa mmoja wa sauti nzito akawasha taa yake.

"Mzee wetu, unatuambia Kiambatisho C hakipo. Mbona mimi ninacho hapa? Na umekileta wewe mwenyewe!"

Akakisoma. Mbuzi. Mifupa. Alipofika kwenye ugali, mwenyekiti alikuwa anafuta machozi. Yule mama aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini, akacheka naye. Cha nne hakukimaliza, kwa sababu chumba kilikuwa kimejaa kicheko.

Karani akanyoosha mkono aombe ile karatasi. Akapewa rundo. Akavaa miwani, akalowesha gumba, na mbele ya kamati nzima akahesabu. Niliona midomo yake. Ilifika tano. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, na shingo yake haikugeuka upande wangu hata kidogo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "ukurasa huu uko ndani ya barua yenye sahihi yangu. Sikuhesabu. Nachukua jukumu. Lakini swali langu liko pale pale. Kiambatisho C cha kweli kiko wapi?"

"Asante sana, mzee. Umetuchangamsha. Anayefuata!"

Kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, watu wakicheka huandikwa ndani ya mabano: (Kicheko). Karani aliwahi kunionyesha. Aliniambia hotuba inaweza kusahihishwa, takwimu inaweza kusahihishwa, lakini hayo mabano hakuna anayejua pa kuombea yafutwe.

Tulipofika chini barabarani nilijaribu kusema kitu. Kikatoka kama kikohozi.

"Vimeandikwa vizuri," Karani akasema akitazama magari. "Hasa kile cha ugali. Inaonyesha ulisoma kifungu cha usuluhishi, kile cha kesi kusikizwa kwao."

Angenipiga ningelala vizuri zaidi.

Mtu alikuwa amepiga video. Kufikia jioni yake nilikuwa nimetumiwa na watu watano, mmoja wao rafiki yangu wa dawati, akiandika, "Msee cheki huyu mzee wa mifupa!" Watoto wa ploti wakaanza kumwita Mifupa. Vijana wa boda walimpigia saluti na kuuliza mbuzi wanaondoka lini. Aliwajibu kwa heshima. Ripoti ya kamati ilipotoka ilipendekeza mkataba ukubaliwe, na pembeni ikataja kwamba barua moja iliwekwa kando kwa kuwa na mzaha ndani yake. Siku hiyo muuza magazeti alinisimamisha.

"Mzee wako anaumwa? Amechukua gazeti bila kuhesabu."

Sikwenda kwake majuma matatu. Nilipita mlangoni nikinyata, mimi niliyezoea kuubisha mlango huo kwa teke. Kisha kukatangazwa kwamba Bunge zima lingejadili ripoti hiyo Jumanne. Jumamosi asubuhi nikaandika barua, safari hii bila utani hata mmoja, na niwaambie, kuandika bila utani ni kama kutembea bila mkono. Nilijaza jina langu, shule yangu, nikasema Kiambatisho kile kilikuwa changu, kwamba mzee hakukiona, na kwamba swali lake halijajibiwa. Nikapiga hodi.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu ukurasa wa tano."

Komeo la mlango likavutwa. Ukafunguka. Alikuwa na tai, lakini hakuwa amenyoa ndevu. Akaipokea barua kwa mikono miwili, akalowesha gumba.

"Moja," akasema. Akaigeuza kuangalia nyuma, na nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akaisoma akiwa amesimama.

"Umechelewa."

"Najua, Karani."

"Kuchelewa si sababu ya kutoipeleka. Usiitume kwa mashine. Ipeleke kwa mkono, ugongewe muhuri. Karani wa huko akishagonga muhuri, barua ipo, hata wakiifungia kabatini. Siku moja mtu atafungua kabati." Akanirudishia. "Nakala ngapi?"

"Hiyo moja."

"Mtu haendi bungeni na nakala moja."

"Sawa. Nitatoa tatu."

Nikageuka. Nilikuwa ngazini aliponiita.

"Mama yako anajua?"

"Anajua kuhusu video. Alicheka. Hajui ni mimi."

"Na anajua kinachotafutwa ndani ya hicho kiambatisho?"

Nikaikunja barua mara mbili.

"Basi hiyo uliyoshika ni barua ya pili," Karani akasema. "Ya kwanza ni yake, ya kumwambia kwa mdomo."

"Ya mama haina muhuri."

"Ndiyo maana ni ngumu."

Akafunga mlango. Sikusamehewa, kama mnauliza. Niliagizwa kazi, na kwa Karani sijui kama kulikuwa na tofauti.

Jumatatu nilikwenda mjini. Msichana wa mapokezi, pengine ananizidi miaka mitano, alichukua barua yangu, akaihesabu ingawa ni ukurasa mmoja, akagonga muhuri. Nilibaki na nakala yenye wino mbichi. Kutoka hapo sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kangemi.

Alama nyekundu zilikuwa zimeongezeka. Sasa moja ilikuwa kwenye nguzo ya kibanda chenyewe, na mama alikuwa ametundika gunia tupu juu yake, kana kwamba rangi ikifunikwa itasahau. Alikuwa anapimia mteja maharagwe kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, akisawazisha juu kwa kiganja. Nikangoja mteja aende. Kisha nikasema yote. Barua, kurasa nne, ya tano, macho ya Karani, kicheko, kifungu cha saba, ardhi iliyoorodheshwa, orodha ambayo hakuna aliyeiona. Nilisema hadi mwisho na hakunikatiza, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Alipokea ile nakala yenye muhuri. Akaitazama upande wa juu, upande wa chini, akapitisha kidole juu ya mistari kama mtu anayetafuta kijiwe ndani ya mchele. Akageukia lile gunia tupu kwenye nguzo. Kisha akanirudishia karatasi.

"Wewe si ndiye unajua makaratasi?" mama akasema. "Haya, nionyeshe. Mimi nimeandikwa wapi?"